Sindano ya Masikio

Nyumbani kwa Mama Vitambaa kuna sheria, na asiyezitaka mlango uko wazi. Sindano haikai kifuani. Sindano haishikwi kwa meno. Sindano haiwekwi kwenye kiti, hata kwa kufumba na kufumbua. Kila sindano huachiwa mkia wa uzi mwekundu, ili ikidondoka ionekane. Na ukiitwa mlangoni, kwanza unairudisha kwenye kimto chake ndipo uitike, hata kama aliyekuja anakuambia paa linaungua.

Majirani wanaokuja kujifunza kushona kwake humcheka. "Mama Vitambaa, hapa ni kwako au kambini kwa askari?" Naye huwajibu, "Chekeni mpaka mchoke, ila sindano yangu irudi kwenye kimto."

Hakuzaliwa na sheria hizo. Zilikuja baada ya pini. Mjukuu wake wa pekee, wanayemwita Kibonge kwa mashavu yake, alipokuwa mchanga, yeye bibi ndiye aliyemfunga nepi siku hiyo, akaifunga vibaya. Pini ikafunguka, ikamchoma mtoto pajani. Mtoto akalia, bibi akaona damu, akaogopa. Akaifunga upya akanyamaza. Alipoulizwa, akasema, "Tumbo tu hilo, linamsumbua." Mkwe wake, msusi wa nywele, mwanamke asiyepoteza maneno, akaifungua nepi mwenyewe akaona. Hakupiga kelele. Alimchukua mwanawe akasema, "Mama, usimbebe tena." Mumewe, dereva wa lori la mchanga, ambaye ndiye mtoto wa Mama Vitambaa, alikuwa palepale akitazama viatu vyake.

Tangu hapo akawa bibi wa kwenye kiti. Anakwenda, anapewa chai, anamtazama mjukuu akitambaa, akisimama dede, sasa anakimbia kabisa, na mikono yake imelala mapajani kama ya mgeni aliyekuja kuuliza njia. Ilimuuma, jamani. Ilimuuma vibaya sana, na hakuwa na wa kumlaumu.

Kwa hiyo mwanawe alipomwambia, "Mama, mke wangu mwenyewe amesema umshonee Kibonge kitu cha kulala nacho," alikaa chini kabla hajajibu.

Akamshona sungura. Alitoa sandukuni shati la mistari la kijani, la mwanawe alipokuwa mdogo, akakata mwili. Macho akayatarizi kwa uzi, maana kifungo ni kitu cha kumezwa. Pamba akaijaza kidogo kidogo, kwa kuichambua kwanza, kwani ukishindilia tonge zima mwanasesere anatoka na uvimbe. Mwisho masikio, kwa sindano yake ndefu kuliko zote, ile inayoingia sikio hili na kutokea la pili. Yalikuwa yanamalizika masikio hayo asubuhi lori lilipopiga honi nje. Mwanawe alikuwa na haraka, mchanga unasubiriwa. Honi tena. Mama akakata uzi, akamtia sungura mfukoni, akatoka mbio akampa mwanawe ampitishe nyumbani.

Mchana ndipo alipokaa kupanga vitu vyake. Akatazama kimto. Kulikuwa na pengo pale inapokaa sindano ya masikio.

"Aa, usinichezee," alikiambia kimto.

Akainua mkeka, akaukung'uta. Akachukua sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaivisha soksi kama anavyowafundisha wenzake, akaipitisha sakafuni kona hadi kona, chini ya meza, ndani ya mfuko wa pamba iliyobaki. Sumaku ikaokota pini, ikaokota kipande cha wembe, ikaokota hata msumari wa mlango uliopotea zamani. Sindano, hola. Akapiga magoti akapapasa kwa viganja, akisema na Mungu wake kwa sauti, mpaka akabaki na wazo moja tu. Iko ndani ya sungura.

Akampigia mwanawe. Simu imezimwa. Huyo akiwa machimboni hapatikani, kila mtu anajua.

Akakaa na simu mkononi. Shetani naye hana likizo: akamjia akamnong'oneza. Labda haimo. Labda imezama katikati ya pamba haitatoka kamwe. Nenda Jumapili kama kawaida, omba kumtazama sungura, itoe kimyakimya, nani atajua? Ukisema leo, hata kiti utanyang'anywa. Na kweli, ndiyo hofu aliyokuwa nayo: kwamba mlango wenyewe utafungwa, na mtoto atakua akimjua kwa picha.

Akapiga. Msusi akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kibonge hajambo?"

"Amelala. Amemkumbatia sungura wake, shavu limezama tumboni mwake. Hata uji alitaka kumnywesha."

Mama Vitambaa akalitazama lile pengo la kimto. "Nilikuwa nataka... lile sikio moja sikulifunga sawasawa. Nipitie nimchukue sungura?"

"Sikio liko sawa, mama. Mwache kwanza." Kisha akaongeza, "Umeshona vizuri. Nilikuwa nitakupigia nikwambie. Asante."

Ee, bora angemtukana! Miezi na miezi hajasikia neno tamu kutoka kwa mkwe huyu, leo linakuja, na linakuja leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo cha nani sasa? Cha mtoto?

"Mwanangu, mwondoe," akasema. "Mwondolee yule sungura sasa hivi. Nimepoteza sindano. Ile ndefu. Naona nimeishonea ndani."

Upande wa pili akasikia miguu ikikimbia, kitanda kikilia, mtoto akiamka kwa kilio, na simu ikakatika.

Hakubadili nguo. Alijitupia mtandio juu ya gauni la kazi, akachukua sumaku na mkasi mdogo, akatoka na malapa. Njia nzima alisikia kile kilio kikiendelea masikioni mwake.

Msusi alimfungulia mlango bila salamu. Ndani, mteja mmoja alikuwa ameketi mkekani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, na Kibonge mapajani mwake akishika kioo.

"Ameumia?" Mama Vitambaa aliuliza.

"Nimemtazama mwili mzima. Bado." Hilo "bado" lilimchoma kuliko sindano. Sungura alikuwa juu ya meza, peke yake, kama mshtakiwa. "Mfungue."

Akamfungua. Tatizo, mshono wa mwisho aliuficha vizuri mno, kwa kujidai kwake, na sasa hauoni. Alipapasa kwa ukucha mpaka akaupata chini ya mkia. Akakata uzi katikati, akauvuta taratibu, maana ukiufumua kwa pupa kitambaa kinachanika.

Pamba ikatoka kidogo kidogo. Kila tonge alilitoa yeye, msusi akalipokea akalichambua kwa kitana chake chenye mkia, mstari kwa mstari, kama anavyogawa nywele. Kisha sumaku juu yake. Hakuna. Tonge jingine. Hakuna. Kichwa kikanywea, miguu ikanywea. Masikio yakakatwa, yakageuzwa nje ndani. Hakuna. Mteja aliacha hata kutafuna ubani.

"Basi iko kitandani," msusi alisema. "Ilitoka akiwa amelala na sungura."

Wakaenda chumbani. Wakavua shuka, wakaikung'uta dirishani, wakapitisha sumaku kwenye godoro lote, kwenye mto, kwenye zulia. Joto lilikuwa kali. Mama Vitambaa akavua mtandio akajifutia uso, akautupa kitini wakati wakirudi sebuleni mikono mitupu.

"Mama, una hakika ulikuwa nayo leo?"

"Masikio hayakujishona, mwanangu."

"Basi iko wapi?"

"Sijui." Akarudia, taratibu, "Sijui, na naogopa."

Hapo ndipo Kibonge alipomwona sungura wake. Amelala bapa mezani kama soksi, hana masikio. Mdomo ukapinda. Akajichomoa kwa mteja, akapita mamake, akaenda moja kwa moja kwa bibi, kwa sababu mtoto hajui habari za pini wala nepi, anamjua aliyemshonea. Akanyoosha mikono yote miwili juu.

"Bibi! Chungula!"

Mama Vitambaa alijua anapaswa kukaa. Aliijua sheria ya nyumba hii kama anavyozijua zake. Lakini mtoto alikuwa analia miguuni pake, na mikono yake haikumwuliza ruhusa. Akainama.

"Usimbebe!"

Akaganda. Msusi alikuwa ameshamvuta mtoto kwa mkono mmoja na kumweka nyuma yake. Maneno yaleyale, sauti ileile. Mama Vitambaa akanyooka polepole, uso umemwiva.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Una haki."

"Jamani, bibi wa watu!" mteja akamaka.

"Wewe kaa na nusu kichwa chako," msusi alimjibu bila kumgeukia. Akamsogelea mama mkwe, karibu kabisa, akapeleka vidole begani kwake, upande wa kushoto, kwenye maua mekundu ya lile gauni. "Mama, usitikisike."

Akavuta uzi. Uzi mwekundu, mfupi. Nyuma yake ikafuata sindano, ikatoka kitambaani taratibu, ndefu, mpaka ikaisha. Ilikuwa imechomekwa pale shavu la mtoto linapolala.

Mama Vitambaa akaketi. Aliikumbuka honi. Hakukumbuka mkono ukipanda begani, lakini mkono wenyewe ulijua njia: mama yake alichomeka sindano hapohapo maisha yake yote, na yeye naye kabla ya sheria. Mganga hajigangi.

"Ningemchoma tena," alisema. "Kwa mikono yangu hii. Jicho lile, mwanangu! Ningemchoma jicho!" Akalia mbele ya mteja na kila kitu, wala hakujali.

Msusi aliigeuza sindano mkononi. "Sindano yenyewe nisingeiona. Nimeona mkia wake." Kisha akauliza, "Ungeninyamazia, ningejua?"

"Usingejua."

"Ulitaka kuninyamazia?"

Mama Vitambaa alimtazama. "Nilitaka. Ile ya sikio ilikuwa uongo."

Msusi akatikisa kichwa, kama mtu anayesikia jambo alilokuwa akilijua. Akaichomeka sindano kwenye tonge la pamba mezani, mkia ukining'inia wazi, akalisukuma mbali na ukingo. Halafu akachukua ile sumaku yenye soksi. Akaipitisha kwenye bega la kushoto la mama mkwe wake, la kulia, kifuani, kwenye mikono yote miwili ya gauni, bila haraka, kama askari wa getini. Mama Vitambaa alikaa akapekuliwa, kidevu juu, machozi yanamtiririka. Sumaku haikushika kitu.

Msusi akainama akamwinua Kibonge, ambaye bado alikuwa anamlilia sungura.

"Mpokee basi, mama, mimi nina kichwa cha watu hapa," alisema. "Ukimtuliza, sungura utamshona hukuhuku, mezani pangu, nikiona."

Kibonge alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Mtoto akavuta kamasi, akatafuta mahali, akalaza shavu lake begani, upande wa kushoto.