Ukumbi Usionyanyuka

Tangu daktari alipompasua koo, Biubwa alikuwa hamwamini mtu. Wanawe walisema sauti imerudi, lakini mtoto gani atamwambia mama yake imekufa? Alitaka kuambiwa na watu wasiomwonea haya, na watu wa taarabu husema kwa miguu: ubeti ukiwakuna hunyanyuka, wakaja kwa madaha hadi jukwaani kumtunza mwimbaji kwa noti.

Ndiyo maana alikubali kuimba huko Zinga, katika jengo lililokuwa kiwanda cha mafuta ya nazi. Sasa ni ukumbi wa muziki wa kisasa: kuta zimevishwa mbao, kiyoyozi kinatafuna mifupa, na mashine za kukamulia zimepakwa rangi zikawa mapambo ya mlangoni. Hata harufu ya mbata wameifukuza. Jambo hilo lilimuudhi Biubwa, wala hakujua kwa nini.

Alasiri hiyo, nyuma ya pazia, hakukalika. Alifunga mtandio akaufungua, akamgombeza Sadallah, mpiga kanuni wake, kwa kosa la kukohoa. Katika kugombeza huko hakumsikia meneja wa ukumbi akiwaomba wasikilizaji wakae kimya na asinyanyuke mtu mpaka mwisho.

Akaimba. Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, ule uliokuwa ukiwafanya wanawake wa Bagamoyo wasukumane kumfikia, kimya vilevile. Watu wamekaa kama wako matangani. Kumbe imekwisha, akajiambia, na wanangu wamenidanganya. Akamkonyeza Sadallah wafupishe, wafunge.

Hapo akamwona Hajra akija. Hajra ni mwimbaji wa kundi la upinzani. Wamerushiana vijembe tangu ujana, na hajawahi kumnyanyukia hata siku moja. Meneja alimwahi kwenye ngazi, akamnong'oneza kwamba humu watu hawanyanyuki, wameshaambiwa. Hajra akampita kama anayekwepa dimbwi.

Hakutoa noti. Alishika ncha ya mtandio wake akamfuta Biubwa uso, maana na baridi yote ile mwenzake alikuwa akivuja jasho. Kisha akamwinamia sikioni.

"Imerudi, hasidi wangu," akasema. "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kupumzika."

Huko nyuma viti vikaanza kulia, kimoja, halafu vingi. Biubwa alimeza machozi, akamgeukia Sadallah, akamwashiria waanze upya.