Siku ya Nne Pale Taru

Kwa siku tatu mfululizo Kavenya alikaa kando ya barabara kuu pale Taru, akihesabu wapita njia ili ajue kama panahitajika kivuko cha waendao kwa miguu. Mombasa ilikuwa ikipanuka kuja huku, na ofisi yake ndiyo iliyopanga wapi pawe makazi, wapi malisho, wapi barabara. Jioni ya siku ya tatu akafunga daftari. Waliovuka kwa miguu hawakufika hata hamsini. Kivuko cha nini basi?

"Shikamoo mama. Kazi nimemaliza," alimwambia Mama Sanga, muuza uji aliyempa kiti siku zote hizo.

"Marahaba mwanangu. Umemaliza vipi, na chete ni kesho?"

Kavenya alikodoa macho. Kwao soko lilikuwa Jumamosi, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba Waduruma wana juma lao la siku nne, na siku moja katika hizo ni chete, siku ya soko.

Asubuhi aliikuta barabara imefurika. Mbuzi kwa mamia, wanawake na matenga ya kuku, wazee wakisukuma baiskeli, wote wakivuka huku malori yakipiga honi kwa hasira. Kalamu ilishindwa kwenda na miguu yao. Kufika saa nane ameshaandika: vivuko viwili, kimoja kiwe cha mifugo. Akacheka peke yake, akaingia sokoni.

Aliporudi alisimama kando ya barabara, kamba ya mbuzi aliyemnunua mkononi, akingoja malori yapite. Akalifungua tena daftari, akaongeza: mtu mmoja, mbuzi mmoja.