Utando Kati ya Maji na Mafuta

Sonara halikuwa jina lake. Mama yake ndiye aliyembandika jina hilo kwa utani, siku alipoambiwa kwamba binti yake kazini anashughulika na dhahabu. "Dhahabu yote hiyo," mama alikuwa akisema, "na bado unakuja kwangu masikio matupu."

Lakini dhahabu ya maabara haikuwa ya kuvaa. Zilikuwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho, ambazo zikielea majini kila moja peke yake, maji huwa mekundu kama divai. Sonara alimimina maji hayo kwenye kichupa cha kioo chenye pande bapa, akaongeza mafuta mepesi juu yake, kisha akadondosha spiriti taratibu kwa sindano. Chembe zilipanda, zikajipanga bega kwa bega pale maji na mafuta yanapokutana. Wekundu ukatoweka, ukabaki utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukiutazama kwa juu ni dhahabu. Ukipitisha mwanga, unatokea chini ukiwa wa kijani cha kuelekea buluu.

Kazi yake ilikuwa kupima mwanga huo: kiasi gani unarudi, kiasi gani unapita, kwa pembe tisa za taa. Kipimo kizima kilichukua dakika arobaini, na meza haikutakiwa kutikisika. Kwa miezi mitano utando ulimtesa. Leo una matundu, kesho umekunjamana kama malai ya maziwa. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, ulitokea safi.

Saa nne na robo simu iliita. Alikuwa kaka yake, fundi wa friji, ambaye ndiye aliyekuwa na zamu ya kumwuguza mama hospitalini.

"Mama hali yake imebadilika. Njoo."

"Nakuja."

Alilaza simu kifudifudi. Skrini ilionyesha pembe ya tatu. Mama alikuwa akibadilika hali tangu mvua zilizopita, alijiambia, na nusu saa si kitu. Alikaa, mikono mapajani, akisikiliza taa ikijisogeza kutoka pembe hadi pembe.

Mama alifariki saa tano na dakika tano. Sonara aliingia wodini saa tano na robo.

"Pole," kaka yake alimwambia, akimshika bega. "Foleni za mji huu ni balaa."

Sonara aliitikia kwa kichwa.

Msibani alipeana mikono na watu, akagawa chai, akakunja mikeka. Shangazi zake walinong'ona kwamba amepigwa na butwaa, atalia baadaye. Yeye mwenyewe alikingojea kilio hicho jinsi mtu anavyomngojea fundi aliyesema anakuja kesho. Hakikuja. Chakula kilikuwa hakina ladha, naye alikila chote.

Wiki ya pili alirudi kazini. Profesa, mzee mpole aliyepiga chafya kila alipotaka kusema jambo zito, alimpa pole, akapiga chafya.

"Kile kipimo chako cha mwisho ni kizuri kupita kiasi. Kirudie, mwanangu, nipate kukiamini."

Sonara alidhani itamchukua miezi mingine. Jumanne aliosha kichupa, akamimina, akadondosha spiriti. Kabla ya chai ya saa nne utando ulikuwa umetandaa, hauna hata tundu. Alipima. Kwenye skrini, mstari mpya wa vipimo ulilala juu ya mstari wa zamani mpaka haikujulikana upi ni upi. Baada ya chakula cha mchana alirudia tena, ukatokea tena.

"Kumbe tatizo lilikuwa mafuta," Profesa alisema, akiisoma chupa. "Hii mpya uliifungua lini?"

"Siku ile."

"Basi ya zamani ilikuwa na uchafu. Sasa utaupata utando kila ukiutaka."

"Ndiyo," alisema Sonara. Aliona mkono wake ukiandika namba ya chupa daftarini, mwandiko ukiwa mzuri tu.

Jioni hiyo alipita karakanani kwa kaka yake. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, akichomelea bomba la shaba.

"Siku ile sikukwama kwenye foleni," alisema. "Uliponipigia nilikuwa napima. Nilimaliza kwanza, ndipo nikaja."

Kaka yake alizima moto wa gesi. Alikaa chini, mgongo kwenye friji.

"Aliniuliza mara mbili kama umefika. Nikamwambia uko njiani."

"Sikuwa njiani."

"Nimekusikia." Alijifuta vidole kimoja kimoja. "Ulikuwa unapima nini?"

Alimweleza: maji, mafuta, chembe, rangi zile mbili. Alimweleza pia habari ya chupa mpya, kwamba sasa utando unatokea kila siku. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ungeweza kuuacha."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Hapana. Lakini sikujiuliza sana."

Kaka yake aliinuka, akawasha tena moto wake. "Mama mdogo usimwambie," alisema. "Mimi niache kwanza."

Alimwacha. Miezi miwili hawakuongea. Makala ya vipimo vile ilikubaliwa na jarida, jina la Sonara likatangulia, Profesa akanunua soda. Aliendelea kupima. Jumapili moja simu iliita: kaka yake, akiuliza kama analitaka jiko la mama, maana nyumba aliyopanga mama inakabidhiwa kwa mwenye nyumba.

"Lilete," alisema.

Kaka yake alilileta mwenyewe, akaliunganisha, akapaka sabuni kwenye maungio kuangalia kama gesi inavuja. Haikuvuja. Sonara alimuuliza kama atakunywa chai. Alitazama mlango, kisha akavuta kiti.

"Sukari kidogo," alisema.