Ujumbe Uliofutwa

Nyamoita aliteleza kwenye shamba lake la majani chai huko Gesima, goti likafura hata asiweze kukanyaga. Binti yake Gladys, mwalimu wa shule ya msingi, alimleta mtaani Nyanchwa akae naye katika nyumba yake ya kupanga, karibu na hospitali. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimwachia chai kwenye thamosi, ndizi za kuchemsha na rimoti ya TV.

"Kitu usichokielewa kikitokea kwenye skrini," alimwambia, "bonyeza hiki cha katikati. Kitaondoka."

Jumatano, mwendo wa saa nne, Nyamoita alikuwa akisikiliza kwaya. Swali la Kiingereza likatokea mbele ya waimbaji. Akabonyeza cha katikati. Kwaya ikapotea, na mahali pake pakaja kitu chembamba kirefu, kimejaa vipicha vidogo vidogo kama simu ya Gladys. Vipicha vikaanza kusonga vyenyewe. Picha ya mtoto aliyevaa gambuti ikapita. Kisha ukurasa mweupe ukafunguka, na herufi zikaanza kutokea moja moja, kwa Ekegusii, lugha ya kwao.

Nyamoita akaweka kikombe chini. Hakuwa amewahi kuona TV ikiandika Ekegusii.

"Mama," maneno yalisema, "mke wangu amerudi kwao. Ameenda na mtoto, huu ni mwezi wa pili. Sijui nikuambie vipi."

"Manasseh?" Nyamoita aliiuliza TV.

Manasseh ndiye mwanawe wa pekee wa kiume, fundi wa stima huko Nakuru. TV haikumjibu. Herufi zikaanza kuliwa kutoka mwisho, moja baada ya nyingine, mpaka likabaki neno "Mama" peke yake. Maneno mengine yakaja mbio: "Mama, sisi tuko salama. Sote tunakusalimu." Hayo hayakufutwa. Yakaruka juu, yakatulia.

Nyamoita alichukua kasimu kake ka vitufe akampigia mwanawe.

"Manasseh, kwa nini umefuta?"

"Nimefuta nini, mama?"

"Maneno uliyoniandikia. Nimeyasoma yote kabla hujayafuta. Mke wako alienda lini?"

"Aende wapi? Huyu hapa anafua."

"Mpe simu."

Mkazamwana akamsalimu, akamuuliza hali ya goti. Nyuma yake maji yalisikika yakimwagwa kwenye beseni. Nyamoita alisema goti linapona. Manasseh akarudi kwenye simu.

"Mama, hizo dawa za maumivu unameza ngapi?"

"Moja asubuhi, moja jioni."

"Na leo umemeza ngapi?"

"Moja," alisema, lakini alipokata simu alifungua pakiti akahesabu vidonge mara mbili.

Alipoinua macho, jibu lilikuwa limefika kwenye skrini: "Asante mwanangu. Mwambie Joyline nimeshamwanikia wimbi la uji. Aje achukue kabla ya mvua."

Kwao hakukuwa na Joyline. Basi huyu mama alikuwa mwingine, na mtoto wake pia. Lakini walifanya nini kwenye TV ya Gladys? Akiwa bado anawaza, skrini ikabadilika, ikaandika "Baba Joyline" kwa herufi kubwa. Simu ilikuwa inapigwa. Na hapo hapo sauti ya mwanamume ikasikika, si kutoka kwenye TV, bali nyuma ya ukuta uliotundikwa kalenda.

"Baba, ni mimi Ombati. Naomba niongee naye kidogo tu."

Kwenye skrini simu ikakatika.

Ombati alikuwa yule kijana wa mlango wa pili, aliyemshika mkono kwenye ngazi siku alipofika. Nyamoita alichukua fimbo, akatoka, akabisha kwake.

"Simu yako iko kwangu," alimwambia.

Ombati aliangalia simu iliyokuwa mkononi mwake. "Hii hapa, mama."

"Naiona. Lakini na kwangu iko. Kuja uone."

Alipoingia, Ombati alisimama katikati ya chumba. Alisogeza kidole kwenye simu, na ile ya kwenye TV ikasogea. Akasogeza tena, kama mtu asiyeamini.

"Nilikuwa nataka ionekane kwenye TV yangu," alisema polepole. "TV zetu zote mbili zina jina moja kwenye simu. Nikadhani imekataa." Kisha akamgeukia. "Umeona nini?"

Nyamoita alifikiria kumdanganya. "Nilidhani ni mwanangu ananiandikia. Nikasoma yote."

"Hata ile niliyofuta?"

"Hata hiyo."

Ombati alibonyeza simu na kwaya ikarudi. Nyamoita alimwonyesha kiti, lakini hakukaa.

"Mama yangu anakaa Birongo, si mbali. Hapa watu wanajuana."

"Mimi simjui. Na nikimjua, sina la kumwambia."

Ombati alienda mpaka mlangoni, akasimama amempa mgongo. "Ulipodhani ni mwanao, ulisikia aje?"

"Sikukasirika," Nyamoita alisema. "Nilitaka tu kujua kama anakula, na nani anampikia."

Kijana alitikisa kichwa, akaenda bila kuaga. Nyamoita hakujua kama amemsaidia au amemuumiza. Alizima TV. Muda si mrefu sauti ikapita tena ukutani, chini chini: "Mama, uko peke yako? Kaa chini kwanza."

Nyamoita akashika fimbo kwa mkono mmoja na kiti cha plastiki kwa mwingine, akakiburuta mpaka nje, mwisho wa baraza, ambako sauti haikufika. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Gladys alipokuja saa saba kumwangalia alimkuta hapo, mabega yamelowa.

"Mama, mbona umekaa kwenye baridi?"

"Ndani kulikuwa na joto."

Gladys, aliyekuwa amefunga sweta mpaka shingoni, alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena.