Kura ya Koti la Emery

Emery Rancourt alifariki Januari, na kwa kuwa ardhi ya Corley, mji mdogo wa jimbo la Vermont huko Marekani, wakati huo huganda kwa baridi ikawa ngumu kama sakafu ya benki, alilazwa kwenye chumba cha mawe kule makaburini, yeye na wenzake wa msimu ule, wangoje udongo ulainike. Ndivyo ilivyo huko. Mtu hufa wakati wa baridi, huzikwa Mei. Mkewe Delphine hakulalamika. Emery hakuwahi kufika mahali kwa wakati maisha yake yote, sasa angeanzia kaburini?

Kilichomkosesha Delphine usingizi ni mkutano wa mji, ule wa kila Machi ambapo wakazi wenyewe hupiga kura. Safari hii kulikuwa na hoja iliyowatoa hata wagonjwa vitandani: Corley ijitoe Vermont, ijiunge na jimbo jirani la New Hampshire.

Mtoa hoja alikuwa Lucien, kaka yake Delphine wa tumbo moja. Matajiri walikuwa wamejaza mlima nyumba za kuja kuteleza kwenye theluji, bei ya ardhi ikapanda, na jimbo likawa linamtoza Lucien kodi ya shule kana kwamba ng'ombe wake wanalala hotelini. New Hampshire, aliamini, ingemtoza kidogo. Shamba la juu alishaliuza. Mambo yakiendelea vile, angeuza na la chini, lenye nyumba waliyozaliwa wote wawili.

Delphine alilijua hilo, na lilimuuma. Lakini Emery, pumzi zikiwa zinamwishia, alimshika mkono akasema, "Mnizike Vermont." Sasa mtu ameishi Vermont, amefia Vermont, amelala anasubiri Vermont, halafu watu wakutane wamhamishe jimbo akiwa ndani ya jeneza!

"Dada, hata ikipita leo," Lucien alimwambia mlangoni mwa ukumbi siku ya mkutano, akikung'uta theluji kwenye buti, "lazima mabunge ya majimbo yote mawili yakubali. Wale watu hata chai hawakubaliani. Shemeji atakuwa ameshazikwa na nyasi zimeota."

"Na kati yetu na hiyo New Hampshire yako kuna miji mizima ya watu wasiogombana na mtu. Tutawaruka kama panzi?"

"Unanicheka, na mimi nakaribia kulala nje."

 Delphine akaingia ndani.

Ukumbini, wanaotaka kutoka walikaa upande wa madirisha, wanaokataa upande wa jiko la kuni. Delphine alikaa karibu na jiko, mahali pake pa siku zote. Kwenye kiti cha pembeni, cha Emery, alitundika koti la marehemu la miraba nyekundu, na kofia yake juu ya ncha ya kiti. Hakuwa na moyo wa kuliacha nyumbani peke yake.

Lucien alisimama akasema yake kwa sauti iliyokuwa ikikauka. Mtu wa upande wa jiko akapiga kelele, "Ukifika New Hampshire utusalimie!" Wa madirishani wakamjibu, "Na wewe utusalimie mtoza kodi!" Hester, mwenyekiti, akagonga meza, akaagiza watu wahesabiwe.

Mhesabuji alikuwa Mzee Orville. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ndiyo maana alihesabu kwa kugusa mabega, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Akapita madirishani, akarudi upande wa jiko. Akamgusa Delphine. Kisha, kama alivyofanya miaka na miaka, akagusa bega lililofuata, la koti, akataja namba na kuendelea.

Watu walikuwa wakitupiana maneno. Aliyeona ni Delphine peke yake.

"Madirishani sabini na moja," Hester akatangaza. "Jiko sabini na moja. Mimi siongezi kura yangu. Zimelingana, hoja imekufa."

Upande wa jiko ukalipuka kwa makofi. Ng'ambo, Lucien alivua kofia akawa anaangalia ndani yake, kama mtu aliyesahau kitu humo.

Delphine alihitaji kukaa kimya tu. Kukaa kimya, na Emery angelala Vermont. Lakini alilitazama lile koti. Mwenye koti aliwahi kumtoa mdogo wake mwenyewe nje ya ukumbi huu kwa kosa la kunyoosha mikono miwili kura zikipigwa. Mtu huyo leo apige kura akiwa maiti?

Akasimama. "Mwenyekiti, Orville amemhesabu mume wangu."

"Nimemhesabu nani?" Orville akauliza.

"Emery."

"Si yuko hapo?" Akanyoosha mkono, akashika kitambaa kitupu, ndipo akakumbuka. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Mbona bado anakaa palepale."

Hakuna aliyecheka. Hester alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Sabini na moja kwa sabini. Hoja imepita."

Hata madirishani hakuna aliyepiga makofi.

Wakati wa chakula Lucien alikuja na sahani yake ya maharagwe, akakaa upande wa pili wa koti.

"Ungenyamaza, dada."

"Emery angenisusia."



Kesho yake asubuhi Delphine aliona moshi makaburini. Alimkuta Lucien pale penye nafasi ya akina Rancourt, amewasha magogo juu ya ardhi na kuyafunika kwa mabati ya zizi, joto lishuke chini. Palipolainika alikuwa anapiga sururu. Viganja vilikuwa vimechubuka.

"Unafanya nini, wewe?"

"Namzika shemeji."

"Si ulisema nyasi zitakuwa zimeota?"

"Nilisema." Akapiga sururu tena, kipande kidogo kikabanduka. "Lakini wabunge hawatabiriki. Siku wakiamka mapema je?"

 Kaka yake alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile, shati limemganda mgongoni. Delphine akavua koti la miraba alilokuwa amejitanda, akamvika mabegani.

"Livae," akamwambia. "Ila usipige nalo kura."

Kisha akachukua sepetu, akaanza kuzoa udongo wa Vermont.