Alama Mbele ya Jina la Damari

Clement aliponicheka nilivumilia, maana shemeji ni shemeji. Ukurasa wa mtandaoni wa kikundi chetu cha wafugaji nyuki hapa Itigi niliujenga mimi, katibu wao, na niliujenga wote kwa majedwali: kichwa cha habari ndani ya jedwali, picha ndani ya jedwali, hata nafasi tupu niliikatia kisanduku chake. Kwenye simu ulikuwa mateso, nakubali. Unauvuta kushoto, unauvuta kulia, kama mbuzi mkaidi.

"Shemeji Eliza, haya mambo ya mwaka arobaini na saba," alisema. Ni mdogo wa mume wangu Stefano, na kazi ya kutengeneza kurasa za mtandao anaifanya Singida mjini. "Siku hizi mpangilio unaandikwa pembeni kwa lugha yake, CSS. Ukurasa unajikunja wenyewe kutosha simu."

Akaupanga upya wote, na kweli ulijikunja vizuri. Nikamchinjia kuku.

Msimu huu kila mwanakikundi alipewa alama mpya ya kuchoma kwenye mizinga yake, kwa sababu za zamani zilifanana na zilishaleta ugomvi. Hakuna aliyekuwa amezizoea, kwa hiyo mwamuzi akawa ukurasa: jina la mtu, na mbele yake alama yake. Ukimkuta mtu anarina asali, unafungua simu.

Vijana wa ulinzi wakamkuta Stefano anarina. Wakatazama mzinga, wakatazama simu. Ile alama, duara lenye mkia, ilikuwa mbele ya jina la Damari. Damari ni mjane. Mizinga yake huchomewa alama na kutundikwa na wenzake, mwenyewe hajui hata ilipo.

"Hiyo ni alama yangu!" Stefano alipiga kelele.

"Mwizi gani asiyesema hivyo? Tena unamwibia mjane!"

Wakampitisha sokoni na ndoo ya asali kichwani. Watoto wa jirani, ambao hawajawahi kumpita bila shikamoo, walimpita kimya. Mimi nilimwona kwa macho yangu akiichoma ile alama, lakini nani angemsikiliza mke?

Nikafungua ukurasa kwenye kompyuta: alama iko mbele ya Stefano. Nikafungua kwenye simu: iko mbele ya Damari. Clement alikuwa ameweka majina safu yake na alama safu yake, kila moja inajitegemea. Kwenye kioo chembamba, jina refu la Agripina lilikatika mistari miwili, na majina yote chini yake yakasogea chini hatua moja. Alama zikabaki palepale, ya Stefano ikaangukia kwa Damari aliye juu yake kwenye orodha. Kwenye jedwali isingetokea. Jina likirefuka, kisanduku cha jirani yake kinarefuka nalo.

Nilimpigia simu nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kesho yake akaja. Orodha akairudisha kwenye jedwali, kwingine kote akaiacha CSS kama ilivyo. Hata mimi naona hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa chai, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwenyekiti wetu, mzee Anselm, akawaita wanakikundi akawaonyesha. Damari akalia, akasema atakuja mwenyewe kuomba radhi.

Mimi na Clement tukamkuta Stefano nyuma ya nyumba. Alikuwa ameishusha mizinga yake kutoka porini, imelala kwenye vumbi.

"Shikamoo, kaka." Clement alipiga magoti, akanyoosha simu kwa mikono miwili. "Imekaa sawa sasa. Tazama mwenyewe."

"Marahaba." Stefano akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea, akatazama. Duara lenye mkia, mbele ya jina lake. Akalifuatisha kwa kidole, hata nikaanza kumshukuru Mungu.

"Umefanya vizuri," alisema, akamrudishia simu. "Na wale walioniona sokoni, utawapanga upya vipi?"

Stefano akaokota panga, akainama juu ya mzinga wa pili, akaendelea kuikwangua alama yake.