Ini Lisilo na Kovu

Penisimani alirudi kwa meli kutoka hospitali ya Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, siku ya Jumanne, macho ya njano, suruali imefungwa kwa kamba isianguke. Dada yake Kalolaine alikuwa katika ukumbi wa kusukia mikeka pamoja na wanawake sita, na wote walimwona akipita mlangoni, amemwegemea mkewe.

"Haya, mtazameni mhubiri wetu," akasema Kalolaine bila kuacha kusuka. "Wenzake hula ini la nguruwe. Yeye, chupa imemlia lake."

Wanawake wakacheka. Kalolaine akitania, watu hucheka. Hiyo ni desturi ya kijiji chetu cha Fangaleka tangu alipochukua uenyekiti wa akina mama kutoka kwa marehemu mama yake. Isitoshe ndiye mkubwa katika familia yao, na kwetu kaka hukaa chini ya dada yake mpaka kaburini.

Kuhusu ini tulijua jambo moja tu: likiharibika, mwenyewe alikunywa. Na Penisimani aliwahi kunywa kweli. Alikuwa na miaka kumi na tisa, timu ya raga ilikuwa imeshinda, na pombe ya kupikia nyumbani ilimlaza katika zizi la nguruwe. Mara moja tu, halafu akaokoka, akawa mhubiri, miaka ishirini na minane ikapita. Lakini Kalolaine hakuwa mtu wa kusahau zizi la nguruwe.

Haikupita saa moja, Seini, mke wa Penisimani, akaja ukumbini. Alikaa karibu na mlango na kuinamisha kichwa, kama anavyokaa mke wa kaka. Penisimani mwenyewe alibaki nje, ameegemea ukuta, ameupa mlango mgongo. Kaka haingii alipoketi dada yake, wala hazungumzii mwili wake mbele yake. Kwa hiyo yote yalibidi yapitie kinywani mwa Seini.

"Wifi, naomba tuongee sisi wawili."

"Ongea. Hapa hakuna mgeni."

Seini akawaangalia wale sita. "Ni saratani. Uvimbe mmoja, umekaa upande mmoja wa ini. Lakini daktari anasema ini lenyewe ni zima, laini, halina kovu hata moja. La mlevi huwa limejaa makovu, halikatiki. La Penisimani linakatika, na kilichobaki kinakua tena. Anaweza kupelekwa Nyuzilandi wakamkata, akapona."

"Si wampeleke? Au unataka nimbebe mgongoni?"

Wakacheka tena, ila si wote.

"Nafasi ni chache, wifi. Wanataka barua ya mchungaji kwamba si mnywaji. Na mchungaji ni mgeni hapa, atakuja kukuuliza wewe." Seini akashusha sauti. "Halafu daktari anasema chanzo si pombe. Ni virusi vya homa ya ini, alizaliwa navyo. Hutoka kwa mama wakati wa kujifungua. Anataka ndugu wote mpimwe damu, na watoto wenu."

Hapo mikono ya Kalolaine ikasimama. Ukutani juu yake ilining'inia picha ya mama yake, amevikwa shada la maua. Na mkeka uliokuwa magotini pake ulikuwa wa harusi ya binti yake, Lupe, ambaye Desemba angeolewa na mtoto wa mchungaji mkuu huko mjini. Mkwe wa namna hiyo haji mara mbili. Akapiga hesabu upesi: ulevi ni dhambi ya mtu mmoja, lakini damu mbaya ni ya nyumba nzima.

"Mama yangu alimpa maziwa," akasema. "Chupa aliitafuta mwenyewe. Na ukilirudia hilo neno hapa kijijini, Seini, utarudi kisiwani kwenu Niuafo'ou kwa kuogelea."

Kisha ukuta ukasema. "Dada."

Wanawake wakashtuka. Kaka mtu mzima hamsemeshi dada yake hivyo.

"Dada, barua basi, iache," ikasema sauti ya Penisimani kutoka nje. "Kapime tu. Wewe na Lupe. Ukiwahi unakatwa, unapona. Nakuomba."

"Seini," akasema Kalolaine, akiyashika tena majani ya mkadi aliyokuwa akisukia, "mwambie mumeo kwetu walevi hawaongei na dada zao."

Jumapili baada ya ibada Mchungaji Soakai akaja, kijana wa kisiwa cha Vava'u aliyekuwa kijijini miezi minane tu. Kalolaine alimwandalia nyama iliyofungwa kwa majani ya magimbi na tui zito la nazi, akamkalisha kwenye mkeka mzuri.

"Mama Kalolaine, mimi nimemwona akinywa kava tu, maji ya mizizi, kama sisi sote," akasema mchungaji. "Lakini wewe ni damu yake. Niandike kwamba hanywi pombe?"

Neno moja tu lilitakiwa. Angeweza kulisema hata chakula kikiwa mdomoni.

"Mchungaji, mimi siwezi kusema uongo," akasema Kalolaine, machozi yakimlengalenga. "Dada halali nyumbani kwa kaka yake. Nitajuaje anakunywa nini?"

Barua iliandikwa kwamba familia haikuweza kuthibitisha. Nafasi akapewa mtu mwingine. Jina la Penisimani likaondolewa katika orodha ya wahubiri, kwa sababu kama dada yake hakumtetea, nani angemtetea? Wanaume wa kilabu cha kava wakaanza kumsogezea kifuu cha mwisho, kile cha mashapo. Baadaye hakwenda tena. Tumbo lilivimba, miguu ikawa vijiti, na watoto waliokuwa wakimsomea mistari ya kukariri wakawa wanamwigiza barabarani, wanapepesuka huku wameshika chupa ya maji.

Alikufa Mei. Kalolaine, kama dada mkubwa, alikaa kichwani pa marehemu na kupokea heshima zote: mikeka, nguo za magome ya miti, nguruwe mkubwa kuliko wote. Seini alikuwa nje jikoni, amejifunga hadi kifuani mkeka uliochanika wa matanga, moshi machoni. Kalolaine ndiye aliyewakata nywele mabinti wa marehemu, kwa desturi ya msiba, mmoja mmoja, kwa mkasi wake wa kukatia mkadi. Alilia mpaka sauti ikakauka. Na tuseme ukweli, alimpenda nduguye. Hilo ndilo linaloudhi.

Lupe akaolewa Desemba, na mkeka ulisifiwa.

Mwaka wa pili Lupe akapata mimba. Kliniki ya mjini humpima damu kila mjamzito, na damu ya Lupe ikaonyesha virusi vya homa ya ini. Muuguzi akasema mtoto atachanjwa siku ileile atakayozaliwa, hakuna haja ya kuogopa, lakini bibi wa mtoto naye apimwe. Kalolaine alikuwa amekaa palepale na kikapu cha viazi vikuu alivyomletea binti yake. Hakupata pa kukimbilia.

Daktari Moala, yuleyule aliyempima Penisimani, mwanamke mfupi asiyecheka, alimpaka mafuta baridi tumboni na kuangalia mashine kwa muda mrefu.

"Mimi sijawahi kugusa pombe," Kalolaine akaanza.

"Najua. Ini lako ni laini kabisa. Halina kovu." Daktari akageuza kioo cha mashine amwonyeshe. "Lakini hii hapa ni saratani, na ile ni nyingine, na ile. Hazikatiki tena."

"Ya kaka yangu ulisema inakatika."

"Ilikuwa moja. Yako pia ilikuwa moja, wakati fulani." Akamfuta mafuta kwa karatasi. "Nilituma ujumbe mje wote kupimwa. Haukufika?"

Kalolaine akavaa blauzi yake. Alifunga vifungo vyote kabla ya kujibu.

"Haukufika," akasema.

Kijijini macho yake yalianza kuwa ya njano mwezi wa Agosti. Hakuna aliyesema kitu usoni pake, lakini alijua wanachosema, maana ndiye aliyewafundisha. Kumbe ni ukoo mzima. Kumbe mwenyekiti alikuwa akijifungia na chupa. Siku moja alipita barabarani na watoto wakapepesuka nyuma yake, wameshika chupa ya maji. Uenyekiti ulipokaribia kupigiwa kura, mchungaji akaja kumwambia, huku akiangalia chini, kwamba akina mama wangependa mtu mmoja asimame kanisani na kumtolea ushuhuda kwamba hanywi.

Basi akaenda kwa Seini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuketi karibu na mlango wa mtu mwingine. Seini alikuwa anasuka, mabinti zake pembeni, nywele zimeshaota na kusukwa.

"Seini, wewe wanakuamini," akasema Kalolaine. "Waambie sinywi. Waambie habari ya damu, ya mama, yote. Nife na jina langu tu. Nakuomba, wifi."

Seini alisuka mstari mzima hadi mwisho, akaukaza kwa kidole.

"Mimi siwezi kusema uongo, wifi," akasema. "Sijawahi kulala nyumbani kwako. Nitajuaje unakunywa nini?"

Kisha akamwambia binti yake mkubwa amletee shangazi maji, kwa sababu ana safari ya kurudi na jua ni kali.